Kugawana WiFi bila ugomvi: rauta ya kawaida, MikroTik au OpenWrt, ipi ikufae?

Simu ninazopigiwa sana hapa Dodoma ni za aina moja, mwenye nyumba au mwenye ofisi kafunga faiba, analipia tuseme 20 Mbps, mwanzoni raha mustarehe, baada ya muda unasikia "fundi njoo, hawa jamaa wametupunguzia spidi". Unaenda, unawatoa watu wote, unachomeka laptopu kwa waya, 20 inakuja yote kama ilivyo. Aliyekula spidi yumo humo humo ndani na mara nyingi hata mwenyewe hajui, simu yake inapandisha picha Google Photos kimya kimya, kompyuta ya kaunta inashusha apdeti za Windows, na dogo wa chumba cha mwisho yuko na dabi kwenye TV. Hapo ndipo swali la kugawa linakuja, na watu wanachanganyikiwa maana njia ziko nyingi na kila muuza duka anasifia aliyonayo kwenye shelfu. Kwa hiyo nazipanga hapa zile ambazo watu wanahangaika nazo, na nitasema wazi mimi ningechukua ipi na kwa hali gani.

Kabla hujanunua chochote

Vipimo kwanza. Kampuni inakuuzia Mbps, yaani megabiti, ila simu ikishusha faili inakuonyesha MB, megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Ukiwa na 20 Mbps ukaona faili linashuka kwa MB 2.5 kwa sekunde hujaibiwa, ndiyo yenyewe hiyo. Shida inakuja kwenye kugawa, rauta nyingine zinataka uandike Kbps, nyingine KB/s, mtu anaandika 1000 kote kote, kwenye moja kampa mpangaji megabiti 1 na kwenye nyingine kampa 8, halafu anashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Kingine ambacho watu hawakiangalii kabisa ni kupandisha. Kila unachoshusha, simu inarudisha vipakiti vidogo vya kusema "nimepokea", na hivyo vikikwama kwenye njia ya kupandisha basi na kushusha kunakwama. Mtu mmoja anatuma video ya sendoff ya GB 3 na nyumba nzima inaganda wakati upande wa kushusha uko mtupu kabisa. Kinachotokea ni kwamba modemu inajaza foleni ndefu ndani yake, sasa pakiti ya simu yako ya WhatsApp inapangwa nyuma ya ile video yote. Unaweza kuliona kwa macho, fungua CMD andika ping 8.8.8.8 -t, halafu mwambie mtu apandishe kitu kikubwa, utaona zile milisekunde zinatoka makumi zinaingia mamia. Ukiona hivyo, kununua kifurushi kikubwa zaidi kutakusaidia kwa muda tu, foleni ndiyo inatakiwa kupangwa.

Ndiyo maana haijalishi umechagua kifaa gani, kikomo cha jumla unakiweka chini kidogo ya spidi halisi ya laini, asilimia 85 hadi 95 hivi. Laini ni 20, unaandika 18 au 19. Ukiandika 20 kamili foleni inabaki kwenye modemu ya kampuni ambako huna mamlaka nayo, ukipunguza kidogo inahamia kwenye rauta yako na hapo unaipanga utakavyo. Watu wanaona uchungu kuacha ile megabiti moja, sawa, lakini hiyo ndiyo bei.

Na kama unatumia bando la GB badala ya faiba isiyo na kikomo, jua kwamba kupunguza spidi hakuzuii bando kuisha. Megabiti 1 tu ikitiririka saa 24 ni GB 10.8. Mtu wa bando anahitaji kikomo cha GB kwa kila mtu, na hilo si kila rauta inaweza.

Rauta ya kawaida, TP-Link na Tenda

Hizi ndizo zimejaa madukani na nyingi zina kitu cha kugawa humo ndani ambacho mwenye rauta hajawahi kukifungua tangu ainunue. TP-Link za zamani kama TL-WR840N unaingia 192.168.0.1 au tplinkwifi.net, unakuta sehemu imeandikwa Bandwidth Control, unawasha, unaandika jumla ya laini yako, kupandisha wao wanaita Egress na kushusha Ingress, halafu unatengeneza kanuni kwa namba za IP, yaani anwani ambayo rauta inampa kila kifaa, cha chini kiasi gani na cha juu kiasi gani. Archer mpya nyingi wamebadilisha, kuna QoS ya kipaumbele, unachagua kifaa fulani kitangulie wengine lakini huwezi kumpimia mtu namba. Tenda imerahisisha kuliko wote, unaona orodha ya vifaa kwa majina na mbele ya kila kimoja unaweka kikomo chake, hata mama mwenye nyumba anaweza.

Uzuri wake ni kwamba hununui kitu, unamaliza kabla chai haijapoa. Kwa familia ya watu watano sita pale Kisasa au Ilazo, ambapo mhalifu anajulikana ni TV ya sebuleni na PlayStation ya kijana, inatosha sana wala usijisumbue na mengine. Ipe TV 6 Mbps uone kama kuna atakayelalamika, YouTube wenyewe wanashauri 5 kwa 1080p na 2.5 kwa 720p, kwa hiyo 6 anaangalia vizuri tu, ila hawezi tena kuvuta 4K ya 20 na kuwaacha wengine wanakodoa macho.

Udhaifu unaanza watu wakiwa wengi, na unakuja kwa pande mbili. Kwanza namba ukishaiandika imeandikwa, haijui kama watu wako kumi au yuko mmoja. Pili inamtambua mtu kwa IP au kwa MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, na siku hizi MAC ni kama jina la Facebook tu. Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 zinajitengenezea MAC ya kubuni kwa kila WiFi, na mwenye simu akiingia setingi akachagua MAC halisi badala ya ile ya kubuni, kwa rauta yako huyo ni mgeni mpya kabisa asiye na kikomo. Wanafunzi wanalijua hili, usijidanganye. Na bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka simu mpya zinaongezeka kila chumba, utakesha unaandika orodha.

Halafu kuna hili, ukiiweka hiyo TP-Link kama AP, yaani inatawanya WiFi tu na kazi ya kutoa IP inafanywa na kifaa cha kampuni, kugawa hakufanyi kazi, haiko njiani tena. Nimeikuta sana, mtu kaweka namba zake vizuri kabisa kwenye kifaa ambacho hakiamui chochote.

MikroTik

Hawa ni watu wa Latvia, Riga, wapo tangu 1996, na ukienda kwenye ofisi au hosteli nyingi za huku utakikuta kijibox chao kimening'inia ukutani. Vinavyotumika sana kwa kazi ndogo ni viwili, hAP lite ambayo ni ndogo na ina WiFi ya GHz 2.4 tu, na hEX ambayo haina WiFi kabisa, ina matundu matano ya gigabiti na nguvu ya kutosha. hEX kwenye orodha ya kiwandani imekaa karibu dola 60, kwa Dodoma ongeza usafiri na faida ya muuzaji, halafu kumbuka utahitaji AP za kutawanya WiFi pembeni, hiyo gharama watu wanaisahau wakija kushtuka wakati wa kufunga.

Sababu ya kuisifia ni moja, ina aina mbili za kugawa na ya pili ndiyo dawa. Ya kwanza ni simple queue, yaani foleni ya kawaida, unasema IP fulani ipate 1M kupandisha na 3M kushusha, basi. Hiyo ni sawa tu na Tenda ila yenye menyu ngumu. Ya pili inaitwa PCQ, unaipa mtandao mzima kikomo kimoja, yenyewe inahesabu nani anatumia sasa hivi na kuwagawia sawa, akitoka mmoja fungu lake wanagawana waliobaki, akibaki mmoja anakula yote. Kugawa kwa namba zisizobadilika ni kama kupakulia pilau kwenye sahani za watu ambao hawapo wakati waliokaa mkekani wana njaa.

Kwa laini ya 20 kushusha na 10 kupandisha inakuwa hivi, unaingia Winbox, programu yao ya kompyuta ya kuipangia rauta, unafungua New Terminal:

/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]
/queue simple add name=hosteli target=192.168.88.0/24 max-limit=9M/19M queue=pcq-upload-default/pcq-download-default

Mistari miwili tu. Namba ya kwanza kwenye max-limit ni kupandisha, ya pili kushusha, ukizigeuza utapigiwa simu usiku. Na huo mstari wa juu ndio watu wengi wanauruka halafu wanasema MikroTik haifanyi kazi, FastTrack inakuja imewashwa tokea kiwandani ili kupunguza mzigo wa prosesa, inachukua pakiti inazipitisha njia ya mkato bila kugusa foleni yako, kwa hiyo unaweza kuandika queue hata ishirini na hakuna hata moja inayobana mtu. Ukiizima prosesa inafanya kazi zaidi, kwa hEX na laini ya 20 au 50 haitikisiki.

PCQ nayo ina kasoro yake niiseme, inagawa kwa IP na siyo kwa mtu. Mwenye simu, laptopu na TV anapata mafungu matatu, mwenye kiswaswadu na simu moja anapata moja. Kwa hosteli hilo linaleta maneno. Dawa ni ama kuvuta waya kila chumba na kukipa mtandao wake, au kutumia Hotspot ya humo humo ndani, kila mtu na jina lake na paswedi, shared-users unaweka 1, kwenye profile unaandika rate-limit kama 1M/3M, na kwenye jina la kila mtu (user) unaweza kuweka muda na kikomo cha GB. Mtu wa bando, hii ndiyo yako, maana limit-bytes-total inakata kweli.

Kwa umeme wetu huu nayo ina nafuu. hAP lite inatumia USB ndogo ya volti 5, yaani pawabenki ya simu inaibeba, na hEX ile ya RB750Gr3 inakubali kuanzia volti 8 hadi 30 kwa hiyo betri ya sola ya 12 inaiendesha bila kibadilishi chochote. Ila usiiweke juu ya dari chini ya bati, saa nane mchana kwa jua la Oktoba pale juu panachemka na vumbi letu unalijua.

Ubaya wake ni kujifunza. Winbox kwa mtu ambaye si fundi ni kama chumba cha marubani, na fundi akihama mji na paswedi kaondoka nayo umebaki na tofali. Dai paswedi na faili la backup kabla hujamlipa hela ya mwisho, tafadhali sana.

OpenWrt

Hii si kifaa, ni programu ya bure unayoiweka ndani ya rauta badala ya ile ya kiwandani, ipo tangu 2004. Inayotuhusu humo ni kitu kinaitwa SQM, sehemu ya kupanga foleni, na ndani yake CAKE, ndiyo njia yenyewe ya kuipanga. Inarithi kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson ambao mwaka 2012 walitoa CoDel, njia ya kuzuia foleni isivimbe, na CAKE yenyewe iliingia kwenye kernel ya Linux 4.19 mwaka 2018.

Tofauti na PCQ ni hii. PCQ inagawa sawa kati ya watu, lakini ndani ya fungu la mtu mmoja pakiti zinapangana tu nani kaja kwanza, kwa hiyo ukipandisha video huku unaongea Zoom kwenye laptopu ile ile, unajikwamisha mwenyewe. CAKE inaingia mpaka ndani ya fungu lako inatenganisha mazungumzo na mizigo, Zoom inapita na video inaendelea polepole. Kwa wanaofanya kazi nyumbani na wacheza gemu utaona tofauti siku hiyo hiyo. Unaandika spidi mbili tu, kushusha na kupandisha, unachagua cake na piece_of_cake, na kwenye yale maboksi ya chini unaongeza nat dual-dsthost ingress upande wa kushusha na nat dual-srchost upande wa kupandisha ili igawe kwa kifaa badala ya kwa kila faili, vinginevyo mwenye kushusha torrenti thelathini anahesabiwa kama watu thelathini.

Tatizo ni kuipata. Rauta za bei chee nyingi zina hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32, na hizo matoleo mapya hayazikubali, wao wenyewe wanataka angalau MB 8 na 64. WR840N nyingi ziko kwenye kundi hilo la kukataliwa. Na modeli moja inaweza kuwa na matoleo matano, v2 inakubali, v6 haikubali, boksi linafanana. Ukikosea kuweka, rauta inakufa. Kama huna roho ngumu tafuta rauta za GL.iNet, zinakuja na OpenWrt ndani tayari, au mtu akuuzie Archer C7 iliyotumika, hiyo ina MB 16 na 128 na inajulikana. Duka la Dodoma mjini sikuahidi, wengi wetu tunaagiza Dar, Kariakoo huko.

Nisisahau, MikroTik nayo tangu RouterOS 7 iliyotoka rasmi Desemba 2021 ina CAKE na ndugu yake fq_codel, kwa hiyo ukiwa na hEX hulazimiki kuhama. hAP lite ya RAM MB 32 usiilazimishe, ibaki na PCQ yake.

Sasa tuziweke kwenye hosteli moja

Chukulia hosteli ya vyumba 16 pale Ng'hong'hona, laini ile ile 20 kwa 10.

Saa nne asubuhi wengi wako lekcha, kabaki mmoja anashusha programu ya GB 2 kwa ajili ya projekti. Kwenye Tenda uliyoandika 1 Mbps kwa kila mtu, GB 2 ni megabiti 16,000, sekunde 16,000, yaani saa nne na nusu karibu, na muda wote huo megabiti 19 zimekaa bure hakuna anayezitumia. Kwenye PCQ au CAKE anapata 19 zote, anamaliza ndani ya dakika kumi na tano. Laini ile ile, bili ile ile.

Saa tatu usiku wamerudi, tuseme 12 wako hewani, wanne wanachati tu, nane wanaangalia video. Kwenye ile 1 Mbps, wale nane hata 480p inayotaka 1.1 hawaifikii vizuri, na ukijumlisha yote hosteli haijagusa hata nusu ya laini. Mwenye nyumba akisikia kelele anapandisha hadi 3 kila mmoja, sasa nane mara tatu ni 24, imezidi 19, foleni inahamia kwa modemu na tumerudi kule kule kwenye kuganda. Hakuna namba moja inayofaa asubuhi na usiku, ndiyo hoja yangu yote. PCQ hapo, wachatiji wanne wanachukua tuseme 0.8 kwa pamoja, 18.2 inabaki, nane wanapata 2.2 na ushee kila mmoja, 480p inateleza na 720p inakaribia. CAKE inatoa karibu hesabu hiyo hiyo, ila aliye kwenye simu ya video na nyumbani Singida hasikii kama kuna mtu anapandisha kitu.

Wiki ya UE, mitihani ya chuo, wanahitaji zaidi masomo kuliko mpira, wengine wanataka kufunga TikTok kabisa. Mimi sifungi, kazi ya kufukuzana na apu haiishi, fungu likishakuwa sawa mwenye TikTok anajimaliza mwenyewe ndani ya fungu lake.

NetCut na ndugu zake

Hizi nazitaja kwa sababu kila hosteli kuna mmoja anayo. NetCut na SelfishNet zinawekwa kwenye laptopu, zinavidanganya vifaa vya wenzako kwamba laptopu hiyo ndiyo rauta, trafiki yote inapita kwake halafu anabana anayemtaka. Inafanya kazi kweli, mpaka laptopu ilale, hapo wote mnaanguka. Na akiwa nayo wa pili na wa tatu ni vita. Kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ambayo ina vifungu vya kuingilia mawasiliano ya watu, kwa hiyo mwenye hosteli ukimkuta mpangaji anafanya hivyo si utani wa wanafunzi. NetLimiter ni tofauti, hiyo ni halali na nzuri lakini inabana programu za kompyuta ile ile ilipo tu. Kwenye stationery yenye kompyuta tatu za Windows, hata NetLimiter huihitaji, ingia kwenye Delivery Optimization uweke kikomo cha apdeti, asilimia kubwa ya kilio imeisha.

pfSense, programu ya kugeuza kompyuta ya zamani kuwa rauta, ipo, ni nzuri, ina fq_codel. Ila mnara wa desktopu unaowaka saa 24 LUKU itakusimulia.

Nani achukue nini

Nyumbani, watu wachache, ulicho nacho kinatosha, bana TV na kifaa kimoja kingine. Ukiwa unafanya kazi za mikutano ya mtandaoni, au una mtoto wa gemu, hapo OpenWrt inalipa kuliko kupandisha kifurushi.

Hosteli, ofisi ya watu kuanzia kumi, shule, MikroTik hEX na PCQ, bila kufikiri mara mbili. Sababu si kwamba ni bora kuliko CAKE, ni kwamba ikiharibika utapata fundi Dodoma wa kuitengeneza siku hiyo hiyo, OpenWrt utanisubiri mimi nirudi kutoka Kondoa.

Gesti za Area C na Area D, hasa kipindi cha Bunge la Bajeti kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni nyumba zikijaa, chukua MikroTik na Hotspot ya vocha, siku za mgeni ulizoiwekea vocha zikiisha inakufa yenyewe, huna haja ya kubadilisha paswedi kila asubuhi. Ila kuna wajanja wanatoa vocha hizo dirishani kwa mtaa mzima, hiyo sasa ni kuuza huduma ya mawasiliano na chini ya EPOCA, sheria ya mawasiliano ya elektroniki na posta ya 2010, inataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mgeni wako wa chumba namba 4 ni jambo moja na jirani wa nyumba ya tatu ni lingine.

Mwenye rauta ya laini ya simu, 4G au 5G, kazi yake ni ngumu kidogo kwa wote. Spidi yenyewe inapanda na kushuka na mnara, asubuhi 40, jioni 8, ukiandika kikomo 36 jioni hakina maana na ukiandika 7 asubuhi umejinyima. Pima jioni siku tatu nne, uweke karibu na ya jioni kwa kupandisha angalau, kushusha uache juu kidogo. OpenWrt ina skripti ya cake-autorate inayofuata spidi yenyewe, ni kwa wenye subira.

Na wote, mkishafunga kifaa kipya, zimeni WiFi ya kile kiboksi cha kampuni. Mnafunga MikroTik ya maana na foleni zimepangwa, halafu WiFi ya zamani bado iko hewani na paswedi yake ya zamani, nusu ya wapangaji wamebaki huko wanakula bila kupimiwa. Pia kabla ya kulaumu mgao, simama chumba chenye malalamiko uangalie vijiti vya WiFi, kuta zetu za tofali za saruji zinakula mawimbi, na simu iliyo mbali inachukua muda mrefu wa hewani kwa kila kitu kidogo inachotuma na kuwachelewesha hata walio karibu. Hilo hakuna queue inayolitibu, unaongeza AP kwa waya kwenye korido, unazipa chaneli 1, 6 na 11 zisigongane, halafu ndiyo unarudi kwenye namba zako.